Kuta za matundu za Kampala: mbona kwenye picha zinatoka bapa?

Kalamu_Kitante
Habari wakuu. Napiga picha za majengo ya Kampala ya miaka ya 1950 na 1960, nikianza na National Theatre (1959) kwa sababu ya ule ukuta wake wa zege wenye matundu. Kwa macho ukuta una kina kizuri mno, lakini kwenye picha unakuwa kama karatasi iliyochorwa, na jengo lenyewe linaonekana kuegemea nyuma. Natumia simu, saa moja na nusu asubuhi. Tatizo liko wapi?

Zege_na_Jua
Ndugu, kabla ya saa tazama dira. Jua la asubuhi likiwa chini linaupiga ukuta wa mashariki usoni moja kwa moja, vivuli vinajificha nyuma ya zege na kina kinapotea. Kwa ukuta wa mashariki subiri hadi saa nne kasoro dakika kumi hivi. Hapa kwetu karibu na ikweta, saa hiyo jua linauangukia ukuta huo kwa nyuzi 45 mwaka mzima: kila kilichotokeza sentimita 30 kinaangusha kivuli cha sentimita 30. Hapo ndipo mchoro wa mjenzi unasomeka. Ukuta wa magharibi, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri.

Ukijua hesabu hii utaelewa pia kwa nini kuta hizi zilijengwa hivi. Adhuhuri ya jua Kampala ni kama saa saba kasoro dakika kumi. Juni, saa hiyo jua liko kaskazini, nyuzi 67 hivi juu ya upeo. Bapa la zege (kama kijipaa kilicholala juu ya madirisha) lililotokeza mita 1 linaufunika kwa kivuli ukuta wa kaskazini kwa zaidi ya mita 2. Bapa hilohilo upande wa magharibi, saa kumi na moja jioni, linafunika nusu mita tu. Kwa hiyo magharibi na mashariki bapa halitoshi: panahitajika mapezi ya wima, yaani vibao vya zege vilivyosimama, au ukuta wa matundu. Kwangu hapo ndipo ulipo uzuri wa majengo haya, pambo ndilo linalofanya kazi ya kuzuia joto.

Jambo jingine, zima HDR, ile hali ya simu inayosawazisha sehemu za mwanga na za giza. Inang'arisha vivuli, na vivuli ndivyo unavyovitafuta. Kisha gusa skrini kwenye zege na urekebishe mwanga: zege jeupe likijaa fremu simu hulifanya kijivu, ongeza +0.7 hadi +1.

Fundi_Lenzi
Kuegemea nyuma kunatokana na kuinua simu. Ishike wima kabisa, washa mistari ya gridi, kisha rudi nyuma. Kwa lenzi kuu ya simu iliyoshikwa kwa urefu, jengo la mita 15 linataka umbali wa mita 20 hivi. Nusu ya chini itajaa lami na bodaboda, ikate baadaye. Usikimbilie lenzi ya 0.5, ile pana zaidi, inavuta pembe za fremu na matundu ya pembeni hayalingani tena na ya katikati.

Maeneo ya Bunge yako hatua chache tu kutoka hapo na yana ulinzi mkali. Omba ruhusa kwa askari kabla ya kutoa kamera.

Nyabo_wa_Sanaa
Usiiache Uganda Museum, kazi ya Ernst May ya 1954. Yule Mjerumani aliyejenga makazi ya Frankfurt ndiye pia aliyechora mpango wa upanuzi wa Kampala, Kololo na Naguru. Ingia ndani utazame juu, mwanga na hewa vinakotoka.

Halafu sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba, 1962: mama anayemwinua mtoto. Izunguke polepole hadi mwanga uje kwa ubavu, mikunjo ya vile vitambaa vilivyomfunga mama itokeze.

Kalamu_Kitante
Asanteni sana. Na ukuta unaotazama kusini, mwezi huu wa Julai?

Zege_na_Jua
Hautapata jua hadi mwishoni mwa Septemba. Mzuri zaidi ni Desemba. Kwa sasa piga siku ya mawingu, karibu kabisa: alama za mbao za fomu (zile zilizoshikilia zege likiwa bichi) kwenye zege, na michirizi myeusi ya kuvu chini ya mabapa yasiyo na mfereji wa kudondoshea maji. Ukuta ukishapakwa rangi ya mafuta, alama hizo huzioni tena.