Naomba ushauri: nimwekee baba mkwe filamu ya mpanda fahali anayezeeka?

Mke wa Texas: Wakuu, habari za jioni. Nimeolewa huku Marekani, tunaishi na baba wa mume wangu. Ujanani alikuwa akipanda mafahali kwenye rodeo, yale mashindano ya wachunga ng'ombe, sasa ameshapita miaka 60. Kuna filamu ya 1972, *Junior Bonner*. Mwigizaji Steve McQueen anacheza Junior, mpanda rodeo ambaye umri umeanza kumtupa mkono. Anarudi kwao Prescott, Arizona, anakuta nyumba ya baba yake inabomolewa kwa tingatinga na ndugu yake anafanya biashara ya viwanja. Baba na mama kila mtu na maisha yake. Hakuna anayepigwa risasi, watu wanaongea kidogo, lakini nililia. Nataka kumwekea mzee, naogopa itamtonesha. Nimwekee?

Bin Sinema: Mwekee. Mwongozaji ni Sam Peckinpah, watu wanamjua kwa filamu za damu, humu ametulia kabisa. Rodeo unayoiona ni ya kweli, walipiga picha Prescott kwenyewe, mji unaojivunia rodeo tangu 1888. Tazama Ida Lupino, anayecheza yule mama. Kila mtu anamsifia McQueen, mimi namsifia mama.

Mpemba Halisi: Kwetu Pemba tuna mchezo wa ng'ombe, inasemekana tuliachiwa na Wareno. Ng'ombe hauawi. Ami yangu alicheza mpaka mvi. Siku moja alikanyagwa mguu, akawa anakuja uwanjani na fimbo, anawafokea vijana kuliko hata wapiga ngoma. Furaha yake haikupungua hata kidogo.

Mama Neema: Binti, wazee waombewe na walishwe vizuri. Mambo ya filamu baadaye.

Ngosha: Dada, mtu haogopi filamu hivi hivi. Mzee anaumwa? Kuna nini Jumamosi hii mpaka unauliza leo?

Mke wa Texas: Sijasema Jumamosi.

Ngosha: Ndiyo nakuuliza wewe.

Mke wa Texas: Basi niseme. Kuna rodeo ndogo ya hapa kwetu mwishoni mwa wiki. Mzee anataka kupanda fahali mara ya mwisho. Aliniomba nimlipie kiingilio cha mshindani, nimeshalipa. Mume wangu hajui. Daktari alishamwambia shingo yake haifai tena kwa kazi hiyo. Lakini jamani, ni sekunde 8 tu za kukaa juu ya fahali! Atavaa kizibao cha kinga na kofia ngumu. Kwenye filamu, Junior anashinda fahali aitwaye Sunshine, pesa anamkatia baba yake tiketi ya Australia akatafute dhahabu. Hakumhubiria. Alimpa anachokitaka. Na mimi nimefanya hivyo hivyo.

Fundi wa Zizi: Hapana, dada. Nimefanya kazi ya mifugo huku miaka mingi. Sekunde 8 ni za majaji: alama 50 za mpandaji, 50 za mnyama, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine usiguse kitu. Fahali hana saa. Lane Frost alikuwa bingwa wa kupanda mafahali, mwaka 1989 kwenye rodeo ya Cheyenne alimaliza sekunde zake zote, akashuka, fahali akamgonga mgongoni, akafa. Alikuwa na miaka 25. Baada ya hapo mwenzake Cody Lambert ndiye akatengeneza kizibao hicho unachokitegemea. Kinakinga mbavu. Shingo hakigusi.

Mama Neema: Mke kumficha mume jambo la baba yake mzazi! Hapo ndipo penye kidonda, fahali ni ziada.

Kobe Mkongwe: Wakuu, hii chai. Mzee wa rodeo, mtoto anamlipia ndoto yake, ndugu mwingine hajui. Ni filamu ileile kabadilisha majina. Hata yule baba Ace anatoroka hospitali kule.

Bin Sinema: Aisee, kweli. Ila Ace hapandi fahali. Anashirikiana na mwanawe kwenye shindano la kukamua ng'ombe mwitu.

Ngosha: Kobe, chai ingekuwa na sukari. Huyu amefichua kwa kubanwa.

Mke wa Texas: Kobe, fikiria utakavyo. Usiku mzee hageuzi kichwa kitandani, anageuza mwili mzima. Namsikia. Nikimkatalia anakaa barazani hasemi na mtu, na mume wangu anamkatisha kila akianza kusimulia. Mimi ndiye ninayekaa kumsikiliza. Nilitaka aone kwamba kuna mtu amemsikia.

Fundi wa Zizi: Umemsikia, vizuri. Sasa piga simu kwa waandaaji, uliza kujitoa. Halafu uliza kama wanahitaji mtu nyuma ya vizimba wanakotokea mafahali, wa kuwakazia vijana kamba. Wazee wanaoijua kazi hiyo wanatafutwa.

Mpemba Halisi: Kama ami yangu na fimbo yake.

Mke wa Texas: Nyuma ya vizimba sikuwahi kufikiria. Lakini kujitoa lazima aseme mwenyewe, sitamfutia jina kwa siri. Mume anatoka kazini saa mbili usiku, namwambia leo, mzee akiwepo. Filamu naiweka baada ya hapo.

Ngosha: Mrejesho, dada. Hata ukiwa mbaya.