Lugha ndugu za kubuni kwa dunia ya mchezo: undugu uonekaneje?

KetePande20
Wakuu, naandaa dunia yangu ya mchezo wa kuigiza wahusika, kanuni ni zile za Dungeons & Dragons toleo la 2014. Kuna Wanyanda wa mlimani na Wabonde wa mtoni, asili yao moja, wametengana karne nyingi. Maneno nimeshabuni, ila ukiyasikia ni kama yameokotwa jalalani, undugu hauonekani kabisa. Nifanyeje bila kuandika kamusi nzima? Na mhusika anayejua Kinyanda aelewe Kibonde kwa kiasi gani?

MziziMkavu
Hayo maneno weka kando kwanza. Undugu wa lugha huonekana pale sauti zinapobadilika kwa utaratibu. Mtazame ndovu: Kiganda enjovu, Kinyarwanda inzovu, Kizulu indlovu. Kiambishi cha mwanzo kikiachwa, kinachocheza ni ile sauti ya katikati tu, na sikio linaukamata ukoo papo hapo.

Kwa hiyo tunga lugha mame moja, yaani lugha ya kale iliyozizaa zote mbili, mizizi 30 inatosha, kisha kila lugha ipe kanuni mbili au tatu. Mfano wa mizizi: *toki* (mlango), *pasoka* (moto), *kemuda* (ngome).

Kinyanda: (1) k ikifuatwa na i au e huwa ch, (2) irabu ya mwisho hudondoka. Unapata toch, pasok, chemud.

Kibonde: (1) p huwa f, (2) k na s zikiwa kati ya irabu huwa g na z. Unapata togi, fazoga, kemuda.

Wengi huharibu kwenye mpangilio wa kanuni. Ukidondosha irabu kwanza, toki inakuwa tok. I haipo tena, k haina cha kuigeuza, na neno linabaki tok badala ya toch. Kanuni ziandike kwa namba na usizirukeruke. Zaidi ya nne kwa kila lugha, wachezaji hawataona tena kwamba pasok na fazoga ni neno moja.

Halafu usiendeshe kila neno kwenye kanuni. Maneno ya kukopa huingia baadaye na huzikwepa. Viungo vya mwili na tarakimu ndogo acha ziwe za urithi. Biashara, dini na silaha mpya ziwe za mkopo. Hata tarakimu si ngome: sisi tatu, nne na tano ni za Kibantu, sita na saba tumechukua kwa Waarabu.

Fundi_wa_Ramani
Naongezea kwa MziziMkavu: mezani hakuna anayesoma mizizi yako 30. Wanachosikia ni majina ya mahali na ya watu, basi jasho lako limwage kwenye ramani.

Kijiji kilichomo ndani kabisa ya nchi ya Wanyanda kiite Fazog. F na z ni za Kibonde, mwisho uliokatwa ni wa Kinyanda. Maana yake Wabonde waliishi pale kabla Kinyanda hakijaanza kudondosha irabu, kisha wakaondoka au wakaondolewa. Kingeitwa Fazoga, jina lingekuwa limeingia baada ya hapo. Mchezaji makini atauliza mwenyewe nani alifukuzwa.

Na tafadhali, alama ya ritifaa usiinyunyize ovyo katikati ya majina. Hata ng'ombe anajua kazi yake ni nini.

DaduMbili
Upande wa kanuni za mchezo: toleo hilo la 2014 linahesabu lugha kuwa unaijua au huijui, basi. Mwanya ni Primordial, lugha ya viumbe vya moto, maji, hewa na ardhi, ambayo ina lahaja nne (Aquan, Auran, Ignan, Terran) na wasemaji wake wanaelewana. Kinyanda na Kibonde zimeachana zaidi ya hapo, kwa hiyo mimi ningetumia jaribio la Akili, yaani mchezaji arushe dadu, aongeze alama zake za Akili na afikishe namba uliyoweka: 10 kwa salamu na bei, 15 kwa maelekezo ya njia, 20 kwa mkataba. Dadu irushwe mara moja kwa tukio zima. Ukirushisha kila sentensi mazungumzo yanakufa. Akishindwa, mpe maneno matatu aliyoyanasa, na moja liwe la kupotosha.

Usichanganye maandishi na ukoo. Katika toleo hilo Kidwarf, Kigoblin na Primordial zinaandikwa kwa herufi zilezile za Kidwarf, na hilo halizifanyi kuwa ndugu.

Jihadhari pia na Comprehend Languages. Ni uchawi wa ngazi ya 1, unadumu saa 1, na ukifanywa kama ibada hautumii nafasi ya uchawi, yaani haupunguzi idadi ya chawi ambazo mhusika anaweza kufanya. Maandishi yako ya kale kwa lugha mame yatasomwa bila jasho, mradi msomaji ayaguse. Lakini unatoa maana ya juujuu tu, wala haumpi mtu uwezo wa kuzungumza. Siri ifiche kwenye fumbo: ukutani waandike "moto umelala mlangoni", na wajue wenyewe kwamba Wabonde humwita mlinzi wa mfalme "moto".

KetePande20
Nimewapata. Hiyo Fazog naiba kama ilivyo. Lugha ya sokoni, wanakokutana wote wawili, nayo niipe kanuni zake?

MziziMkavu
Hapana. Maneno toa kwa wenye mali, yaani wauzaji, na sarufi ipunguze: vitenzi visinyambulike, wingi uonyeshwe kwa kurudia neno.