Naomba ushauri: picha ya Soweto, nianze na picha au na historia yake?

Habari zenu wakuu. Nafundisha Historia kidato cha tatu, naomba msaada hasa kwa walimu wenzangu.

Juzi niliwaonyesha wanafunzi ile picha aliyopiga Sam Nzima huko Soweto, Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976. Mbuyisa Makhubu amembeba Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12 aliyepigwa risasi na polisi. Pembeni anakimbia dada yake, Antoinette, amevaa sare ya shule, kiganja kimeinuliwa kama anayesukuma kitu kisichoonekana. Mimi hiyo picha hunikaba koo mpaka leo. Darasani palikuwa kimya, halafu mmoja akauliza: "Mwalimu, hiyo ni ajali?"

Sikumlaumu. Bila kujua kwamba watoto wale waliandamana kwa sababu walilazimishwa kusoma masomo kama hisabati kwa Kiafrikana (lugha ya Makaburu), na kwamba tangu 1953 kulikuwa na sheria ya elimu duni kwa Waafrika, ataona nini zaidi ya majeruhi? Ile sare ndiyo inayosema kila kitu, lakini lazima uwe umeambiwa.

Sasa nimegawanyika. Nikitanguliza maelezo, naogopa picha itageuka kielelezo tu cha notisi. Nikiitanguliza picha, yatokea ya juzi.

Nimewaza pia kuanzia Mazimbu, Morogoro, walikopokelewa vijana waliokimbia baada ya Soweto. Aliyewahi kupeleka wanafunzi pale, ilisaidia? Wenzangu mnaanzaje?