Mashine ya zamani ya kukata nyasi: injini inanyakua kamba, na sijui kama niipake rangi upya

Mtoto wa Mtunza Viwanja aliuliza:

Habari zenu, ndugu wa karakana. Marehemu baba yangu alitunza viwanja vya shule moja ya bweni huko Lushoto, na shule ilipoziweka kando mashine za silinda aliomba auziwe ile aliyoizoea. Ni ya Uingereza, ina visu sita vilivyojipinda kuzunguka mhimili na kisu kimoja kilicholala chini yake, upana wa inchi 14, rola nzito nyuma, na injini ya Briggs & Stratton iliyogongwa namba 80202, pamoja na namba nyingine inayoanza na 720516. Imekaa stoo miaka kumi na minane.

Nimekwisha kumwaga petroli ya zamani, iliyokuwa imeganda kama vanishi, nikaosha tangi, nikabadilisha oili na kuweka plagi mpya. Cheche ninaiona. Hata hivyo, nikivuta kamba injini hukohoa kupitia kabureta, na mara nyingine huinyakua kamba kwa nguvu kiasi cha kuniacha na maumivu ya vidole hadi jioni.

Jambo la pili ni rangi. Kaka yangu anataka tuikwangue yote kwa grainda, kisha tuipulizie rangi mpya. Mimi nasita, kwa sababu kwenye vishikio kuna sehemu mbili ambazo rangi imelika na chuma kung'aa, na hapo ndipo viganja vya baba vilipokaa. Naomba ushauri wenu kabla hatujaharibu kitu.

Fundi wa Uani alijibu:

Pole kwa msiba, na hongera kwa kuitunza. Namba hizo zinasema mengi. Katika 80202, tarakimu 8 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, yaani takriban sentimita za ujazo 127, na ile 2 ya katikati inaonyesha kwamba shafti imelala na kabureta ni ya aina ya Pulsa-Jet. Nayo 720516 ni tarehe ya kutengenezwa: mwaka 1972, mwezi wa tano, siku ya kumi na sita. Andika tarehe hiyo mahali salama, kwa maana nimeona watu wakipaka rangi juu ya namba na kuzipoteza kabisa.

Mimi ningeanza na kabureta. Imekaa juu ya tangi, na kinachoinua petroli ni kiwambo chembamba kama kipande cha puto kinachotikiswa na mvuto wa injini. Petroli ikikauka juu yake, kiwambo hukakamaa na kujikunja pembeni. Weka kipya pamoja na gasketi yake, halafu safisha vitundu kwa upepo. Usichokonoe kwa waya, kwa sababu kitundu kikipanuka hata kidogo injini haitatulia tena.

Dada wa Spana alijibu:

Fundi amesema kweli kuhusu kiwambo, nacho kibadilishwe kwa vyovyote vile, lakini naomba nitofautiane naye kuhusu pa kuanzia. Kabureta chafu huinyima injini petroli, ikagoma au ikafa baada ya muda mfupi. Haikunyang'anyi kamba mkononi. Kamba ikinyakuliwa, huku injini ikikohoa na cheche ikionekana, maana yake cheche inatoka kwa wakati usio wake na kuirudisha pistoni nyuma kabla haijafika juu.

Flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, imeshikwa kwenye shafti na kipande kidogo cha chuma laini ambacho mafundi hukiita kii. Nati ikilegea, au mashine ikisimama ghafla kwa kugonga jiwe, kii hukatika nusu na flaiwili ikajizungusha kidogo. Kwa kuwa sumaku inayozalisha cheche imo ndani ya flaiwili hiyo, muda wote wa moto huvurugika, ingawa kwa macho kila kitu kinaonekana kizima.

Toa waya wa plagi kwanza. Fungua kifuniko cha juu, kisha kile kidude cha kamba ambacho kwenye injini hizi ndicho nati yenyewe. Vuta flaiwili kwa puli, kile kifaa cha kung'olea, ukitumia matundu mawili yaliyoachwa kwa kazi hiyo. Usiibanjue kwa bisibisi, mapezi yake ya kupoza injini yatavunjika, na usigonge ncha ya shafti kwa nyundo. Ukishaitoa utakuta platini, yaani viguso vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke, chini ya kifuniko kidogo, kwa sababu injini yako ni ya kabla ya 1982, walipoanza kutumia mfumo usio na platini. Zisafishe na uzipime: zinapoachana kabisa, nafasi iwe inchi 0.020, yaani nusu milimita. Plagi iwe 0.030.

Mzee wa Tupa alijibu:

Mwanangu, mimi nitasema juu ya visu na rangi.

Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, aliyebuni mashine hii mwaka 1830, aliiga mtambo wa kiwanda cha vitambaa uliokuwa ukinyoa manyoya ya nguo, na ndiyo maana hukata kama mkasi. Visu vya juu vinatakiwa kukigusa cha chini kwa kukipapasa tu. Ukivikaza vikalia, vinalana. Fungua cheni, chukua keke ya kutobolea mbao, zungusha silinda ya visu kinyumenyume huku umepaka ule mchanganyiko mzito wa kusagia valvu, kisha uoshe wote usibaki. Pitisha karatasi ya gazeti kipande kwa kipande kuanzia kushoto hadi kulia. Pale inapokunjwa badala ya kukatwa ndipo pa kurekebisha.

Kuhusu rangi, mwambie kaka yako aiweke chini grainda. Rangi za miaka hiyo huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvuta ndani ya nyumba yenye watoto. Vipande vya chuma vilivyoshika kutu vitumbukize kwenye maji yenye soda ya kufulia, unganisha hasi ya chaja ya volti 12 na kipande chenyewe, chanya na bati la chuma cha kawaida. Usitumie chuma kisichoshika kutu, usitie chumvi badala ya soda, usitumbukize alumini, na ufanyie nje kwa sababu gesi inayotoka hulipuka. Ukimaliza, paka praima na rangi palipokuwa pamekwisha kuliwa na kutu tu. Vishikio vipanguse kwa kitambaa chenye oili kidogo, basi.

Mtoto wa Mtunza Viwanja aliandika tena:

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Flaiwili imetoka jana jioni. Kii kilikuwa kimekatika karibu nusu, na nikikiweka kwenye kiganja naona ngazi ndogo mahali kilipopaswa kunyooka. Kipya nilikipata kwa fundi wa jenereta mjini, pamoja na kiwambo. Leo asubuhi imewaka kwa mvuto wa tatu, bila kunyakua kamba. Karatasi inakatika vizuri kushoto na katikati, ila upande wa kulia bado inakunjwa kwa upana wa vidole viwili, kwa hiyo kesho naanza na keke. Kaka amekubali kuhusu vishikio.