Mashavu ya marehemu bibi yangu yanauzwa laki mbili kama "mchoro wa mashujaa wa Kiafrika"

Wakuu, heshima kwenu. Tangu jana usiku naandika na kufuta. Leo naandika hivi hivi na hasira zangu, mtanisamehe.

Jumamosi nilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani, Mbagala. Kijana mmoja wa upande wa mwenyeji akaja kutugawia sahani, kavaa fulana. Mkono wake wa kulia, kutoka kwenye kiwiko mpaka begani, una tatuu: mistari iliyokunjwa pembe, mmoja ndani ya mwingine, nukta pembeni, na ule wa chini kabisa umekatika katikati, halafu ukaanza tena juu kidogo ya pale ulipoishia. Nilishindwa kupokea sahani.

Ule mstari uliokatika naujua. Nimelelewa na bibi mzaa mama, Mmakonde wa Newala, na kila usiku kabla sijalala nilikuwa naupitisha kidole kwenye shavu lake la kushoto. Nikifika pale ulipokatika, ananiambia, "Hapa nilishtuka." Alikuwa binti mdogo, kabla ya Uhuru. Kwa alivyonisimulia, wanawake wawili walimshika mabega na kichwa, fundi akachanja kwa kichuma kidogo, kisha akasugua mkaa wa mnyonyo kwenye vidonda ili rangi iingie. Uso ulivimba, akawa anakunywa uji tu. Kidonda kikipona, wanarudia palepale ili rangi ikolee. Siku ya kwanza kile chuma kilipofika katikati ya shavu, akatikisa kichwa. Ndiyo ule mwanya. Wenzake walimtania nao mpaka uzeeni.

Sasa mwanya huo uko kwenye mkono wa mtu ambaye hajawahi kumwona.

Kijana sina ugomvi naye. Nilimwomba tukae pembeni, nikamwonyesha picha ya bibi kwenye simu. Aliitazama, akautazama mkono wake, akanyamaza. Kasema alichagua kwenye albamu ya duka la tatuu hapa hapa Dar, akaambiwa ni alama ya mashujaa wa Kiafrika, ukichorwa unapata nguvu za wazee. Akalipa laki mbili. Siku nzima kuchorwa, na hakuna aliyemtajia neno Makonde.

Jumatatu nikaenda dukani. Jina la duka silitaji, siko hapa kwa ajili hiyo. Mchoro upo kweli, ukurasa mmoja na kichwa cha simba na ramani ya Afrika. Namuuliza fundi kautoa wapi, ananijibu ameuona mtandaoni. Mtandaoni wapi? Ile picha ya bibi niliiweka mimi mtandaoni, siku ya arobaini yake, uso wake kwa karibu, nikaandika jina lake na mahali alipozaliwa. Nikamwomba autoe kwenye albamu. Akaniambia, "Dada, michoro ya kikabila haina mwenyewe."

Haina mwenyewe!

Wakuu, michoro hiyo inaitwa dinembo. Ile mikunjo ya mashavuni bibi aliiita lichumba. Fundi wa kuchanja alikuwa mtu anayejulikana, ana jina na heshima yake, na watu walikuwa wakiutazama uso wanajua huyu ni wa kwetu, wa upande huu wa mto Ruvuma au wa ng'ambo kule Mueda, Msumbiji. Kiswahili chenyewe kinalo neno nembo, na maana yake ya zamani ni hiyo hiyo, alama ya chale inayoonyesha mtu ni wa kabila gani. Leo tunasema nembo ya taifa, nembo ya kampuni, na ukiitumia ya mwenzako bila ruhusa unapelekwa mahakamani. Iliyo kwenye uso wa bibi kizee ndiyo haina mwenyewe?

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi ya hilo la picha. Bibi alikuja kukaa na sisi Temeke nikiwa darasa la tatu. Kigingi cha mdomo wa juu, ndona, alikuwa ameshakivua, tundu limebaki. Watoto wa mtaani walikuwa wakimwona wanakimbia. Kwenye daladala mtu anahama kiti. Shuleni niliitwa mjukuu wa kinyago, mwaka mzima. Bibi akawa anatoka kajitanda kanga mpaka chini ya macho, yeye ambaye kijijini alikuwa anajivunia uso wake. Alikufa na kanga ile usoni. Leo mji ule ule unaununua uso wake kwa laki mbili, na bado hautaki kumtaja jina.

Msije kuniambia nazuia watu kuchora. Sipingi tatuu. Watu wamechukuliana mapambo tangu zamani, hata hina na piko tunazojichora harusini zimepita mikono mingi. Ninachodai ni kuuliza. Wamaori wa New Zealand wamelitatua jambo hili vizuri: wana moko, ambayo inabeba ukoo wa mtu na si ya kugawa, na wana kirituhi, mchoro wa mtindo wao unaoweza kuchorwa mtu yeyote. Mgeni akitaka, anatungiwa wa kwake. Kwa nini mafundi wetu wasiweze? Kaa na wazee, jifunze mikunjo inapangwaje, kisha mtungie mteja mchoro mpya. Usimbandike mtu shavu la marehemu pamoja na pale aliposhtuka.

Na wewe unayekwenda kuchora, unakaa saa nne unachomwa sindano kwa kitu kitakachobaki mwilini mpaka unazikwa. Muulize fundi: huu ni wa watu gani, unaitwaje, unakaa sehemu gani ya mwili, ulitoka kwenye nini? Akikujibu "ni wa Kiafrika", inuka uondoke. Afrika haichanji watu, aliyechanja ni fundi fulani, kijiji fulani. Kwenye albamu ile ile nimeona na sura ya lipiko, kinyago cha kuchezea ngoma ya mapiko, imeandikwa "kwa ajili ya paja la mwanamke". Mapiko ni mambo ya jandoni, wanaume ndio wanaokivaa kinyago kile na siri ya aliye ndani ni yao. Mwulizeni Mmakonde yeyote mtu mzima atawaambia anajisikiaje.

Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa hapa Dar, kikaja kuonekana kwenye jumba la makumbusho Geneva, na baada ya miaka ya kufuatilia kikarudishwa 2010. Mti ule ulifuatiliwa na serikali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi zinapotumika kibiashara nje ya desturi yake. Kwa hiyo lile neno la "haina mwenyewe" hata kisheria si kweli, na nimeshaandika barua. Aliye kwenye kazi za sheria anisaidie kuipeleka panapostahili, aniandikie pembeni.

Kijana wa watu amenipigia jana. Ameuliza kama nataka aufute mkono wake. Nilikaa kimya muda mrefu, nikamwambia asiufute, ila akiulizwa aseme ni dinembo za mwanamke wa Newala, na amtaje kwa jina. Nikamtajia. Akalirudia mara mbili ili asikosee.

Ile picha nimeifuta kila nilipoiweka. Tangu asubuhi wajukuu wenzangu kwenye grupu la ukoo wananiuliza picha ya bibi imekwenda wapi, na sijawajibu.