Okidi ya mwituni kwenye kiwanja Kibada: nihamishe au niache?

Mama Zai:
Habari zenu wapenda maua. Jumatatu fundi anaanza kuchimba shimo la choo kwenye kiwanja changu Kibada, Kigamboni. Jana kijana anayefyeka akaniita. Pembeni ya mkorosho, kwenye mchanga mtupu, kuna bua limenifika kiunoni lenye maua ya njano, ndani ya mdomo wake vistari vya zambarau. Majani manene. Nimesimama pale mpaka jua likanichoma. Nimeshaandaa kiriba kikubwa, udongo mweusi na samadi. Niendelee?

Mkinga wa Tegeta:
Mama Zai, tafadhali samadi weka kando, itaiozesha. Kwa ulivyoieleza naona ni Eulophia speciosa, okidi ya ardhini. Hiyo hata Afrika Kusini ipo, na inapenda vichaka vya pwani, mchanga usiotuamisha maji. Na huo mchanga una kuvu inayoishi na mizizi yake. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Bila kuvu haioti. Kwa hiyo ukihama na mmea bila mchanga wake, umebeba nusu.

Mimi nauza maua, lakini okidi za porini siuzi. Nimekulia Makete, jirani na Kitulo, ile nyanda ya maua wanayoiita Bustani ya Mungu. Utotoni tulichimba viazi vya okidi tukawauzia watu waliovipeleka Zambia, kule wanapika chikanda: kiazi kinasagwa, kinachanganywa na karanga, pilipili na magadi. Ukifukua unakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, ndicho kilichotoa ua la mwaka huu. Cha pili kigumu, kimejaa, ndicho mmea wa mwakani. Sisi tulibeba hicho kigumu. Debe kwa debe. Hifadhi ya Kitulo imeanzishwa 2005, mimi nilishachimba vya kutosha, na bado inaniuma.

Babu Pugu:
Mwanangu, shimo la choo linasogezeka. Hilo ua lina wageni wake pia, wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Uani kwako mjini utawatoa wapi?

Mama Zai:
Shikamoo babu. Nimempigia fundi, kanuna kidogo, kakubali. Shimo linasogea mita nne upande wa barabara. Kijana ameshapazungushia makuti, na nimemwambia korosho zikianguka humo ndani aziache.