Friza ndogo, au kukausha na kutia achari? Mboga na viporo vinaharibika

Bi_Upawa
Assalaam alaykum jamaa. Kabla Ramadhani haijaingia nataka kuamua jambo. Mboga zinanyauka kabla hazijapikwa, wali unalala hadi unachacha. Nimetenga laki nne na nusu. Ninunue friza ndogo ya mlango wa juu, au pesa hiyo niipeleke kwenye chupa za achari, siki na nyungo za kukaushia? Naomba ulinganisho wa watu wanaopika, si wauza vyombo.

Pishi_Darajani
Waalaykum salaam dada. Umetaja pesa ukaacha yote mengine. Uko Unguja au Pemba? Mnakula wangapi? Friji unayo? Na kinachoharibika zaidi ni kipi: majani, tungule, wali, au mchuzi wa nazi? Kila kimoja kina ugonjwa wake. Mchicha hufa kwa kupoteza maji, tungule kwa kuiva kupita kiasi, mbatata kwa kuchipua, wali kwa vijidudu. Friza haitibu vyote hivyo.

Msuka_Ukili
Friza usinunue. Miaka hii Ramadhani inaangukia kaskazi, jua lipo na upepo mkavu upo, na jua halihesabiwi yuniti. Bamia zilizoanza kukomaa zikate vipande vya nusu sentimita, zitandaze kwenye ungo vipande visigusane, funika kwa chandarua kuzuia nzi. Siku mbili hadi tatu zimekauka. Muhogo usiolika leo umenye, upasue, uanike uwe makopa. Majani ya mronge na kisamvu yaanike kivulini penye upepo. Jua kali linaua rangi yake na vitamini A.

Siri iko kwenye kuanua. Alasiri ingiza ndani kabla umande haujashuka, la sivyo kazi ya mchana yote inarudi nyuma. Kipande kikivunjika kwa mlio, kimekauka. Kikipinda bado. Kisha weka kwenye chupa ya kioo kavu, uitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona matone kwenye kioo, rudisha juani siku hiyo hiyo.

Pishi_Darajani
Na masika yakiingia Machi, afanye nini? Mvua tatu mfululizo, makopa yanaota ukungu. Muhogo au mahindi yenye ukungu hayafutwi kwa kitambaa yakaliwa, maana sumukuvu haiondoki kwa kufuta wala kwa kupika.

Msuka_Ukili
Hilo kweli. Masika haianikwi. Ndiyo maana kaskazi inafanyiwa kazi mapema.

Mtungi_Baridi
Kuna njia ya tatu ambayo haina umeme wala jua. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alieneza mitungi hiyo kaskazini mwa nchi yake, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Bilingani lililokuwa likikaa siku 3 lilifika 27. Pesa yako yote inabaki mfukoni.

Fundi_wa_Friji
Ami, chombo hicho ni kizuri mahala pake. Kinapoza kwa maji kuvukiza, na maji huvukiza pale hewa ilipo kavu. Kaskazini mwa Nigeria hewa ni kavu kama unga. Hapa kisiwani unyevu wa hewa uko kwenye asilimia 80, hewa imeshashiba maji, kwa hiyo mchanga unabaki umelowa na ndani joto linashuka digrii chache tu. Kwa tungule na bilingani kitasaidia kidogo, kwa sababu hazitaki baridi kali. Wali na samaki usithubutu kuviweka humo.

Mtungi_Baridi
Kiweke penye upepo, si pembeni mwa seredani. Upepo unabadilisha hesabu.

Fundi_wa_Friji
Unasaidia, nakubali. Lakini haushushi hadi digrii 4, na chini ya hapo ndipo chakula kilichopikwa kinakuwa salama.

Nirudi kwenye friza, maana Bi_Upawa ndiyo aliyoiuliza. Usitazame lita peke yake. Nyuma au ndani ya mlango pana kibandiko chenye herufi: SN, N, ST au T. Hizo zinasema friza imetengenezwa kufanya kazi katika chumba cha joto gani. N inaishia 32, ST inaishia 38, T inaishia 43. Jiko la bati hapa mwezi wa Februari saa nane mchana linapita 32 bila shida. Ukinunua N unanunua tabu.

Niwape mfano mmoja mrefu, maana kosa hili linarudiwa kila siku. Friza iliyotumika, imetoka Ulaya kwenye kontena, muuzaji kasema "safi kabisa". Kibandiko kinasoma N. Imewekwa jikoni, mgongo umeegemezwa ukuta, juu yake sinia na magunia. Siku ya kwanza imejazwa kilo 12 za nyama na sufuria ya pilau ya moto kwa pamoja. Kompresa haikuzima usiku na mchana. Kipimajoto ndani kilisimama digrii 9 chini ya sifuri, hakikufika 18 hata baada ya siku nne. Nyama iliganda juu, katikati ya furushi ikawa laini. Sufuria ya pilau ilipofunguliwa, ukingoni barafu, katikati inanuka uchachu, kwa sababu joto la katikati halikupata pa kutokea likakaa vuguvugu usiku kucha. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, uliokuwa ukimaliza mwezi ukaisha siku 17. Aliyeuza akasema gesi imepungua. Gesi ilikuwa kamili. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka upande mmoja, karatasi ukiibana inachomoka bila kuvutwa, na kompresa haikuwa na nafasi ya kupumua. Iliposogezwa sentimita 15 kutoka ukutani, mpira ukabadilishwa na mzigo ukapunguzwa, ilifika 14. Kumi na nane haikufika mpaka hali ya hewa ilipopoa Julai.

Ukienda dukani chukua karatasi ya noti, ibane kwenye mlango pande zote nne. Na soma yuniti za mwaka kwenye kibandiko, ugawe kwa 365. Yuniti 219 kwa mwaka ni 0.6 kwa siku. Kipimo hicho kimefanywa kwenye chumba cha baridi kuliko jiko lako, kwa hiyo ongeza.

Kojani_Njema
Na umeme ukikatika? Unguja ilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa baharini ulipoharibika. Watu walimwaga friza nzima nzima.

Fundi_wa_Friji
Waya wa pili kutoka bara umewekwa 2013, na sisi Pemba tumeunganishwa na Tanga 2010. Kukatika kwa sasa ni kwa saa. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa hushika baridi saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Friji ya kawaida saa 4 tu. Nafasi tupu ijazwe chupa za maji, zikigandishwa ni akiba ya baridi.

Kojani_Njema
Saa 48 za maabara. Pale penye watoto mlango haufungwi saa 48.

Bi_Upawa
Samahanini, nilisahau kusema. Niko Unguja, Kiembesamaki, tuko saba. Friji ya mlango mmoja ninayo, ile yenye kisanduku cha barafu juu. Kinachoharibika zaidi ni mchicha, tungule, bilingani, na wali.

Pishi_Darajani
Ungelianza na hilo dada, nusu ya maneno haya yasingeandikwa! Tazama kisanduku chako kama kina nyota. Nyota moja ni digrii 6 chini ya sifuri, mbili 12, tatu 18. Bila nyota hicho ni cha barafu ya sharubati, usiwekeze chakula cha mwezi. Nyota mbili zinakutosha kwa wiki mbili tatu, na hapo friza nyingine huihitaji bado.

Bilingani ulitoe kwenye friji kabisa. Baridi chini ya digrii 10 inaliumiza, linapata mashimo na mbegu zinakuwa nyeusi. Bamia vilevile. Liweke kikapuni kivulini, siku tatu. Likianza kunywea, lichome siku hiyo juu ya moto mpaka ganda liungue, uliponde na thomu, chumvi, ndimu na tui zito vijiko vitatu. Hilo likigandishwa halina neno.

Tungule nazo nje mpaka ziive, halafu zilizolegea ndizo zinapikwa. Kilo mbili, osha, kata sehemu iliyooza kwa upana, zitie sufuriani bila maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Moto wa kati, koroga, ziache zikauke hadi nusu. Mimina kwenye vibati vya barafu, zikiganda zihamishe kwenye mfuko. Vipande vinne ni mchuzi wa sufuria moja. Yenye ukungu itupe nzima, ni laini mno, ukungu umeshapenya ndani.

Mchicha una saa, hauna siku. Usiuoshe kabla ya kuuweka. Maji juu ya jani ndiyo yanayouozesha. Ukung'ute mchanga, ufunge kwa kitambaa kikavu kisha mfuko uliotobolewa. Ukijua huupiki kesho, chemsha lita 4 za maji yaruke kwelikweli, tia nusu kilo, dakika 2, toa, tumbukiza kwenye maji ya barafu dakika 2, kamua uwe madonge ya mkono, gandisha. Ukiuweka mbichi kwenye barafu bila kuuchovya, unaendelea kujila wenyewe polepole, baada ya mwezi ladha ni ya nyasi. Bamia dakika 3, nzima, kikonyo kikatwe bila kufungua tumbo lake.

Na usiweke mchicha pamoja na tungule zilizoiva wala ndizi. Zinatoa hewa inayogeuza majani kuwa manjano upesi. Vitunguu na mbatata vitengwe pia.

Mke_wa_Mvuvi
Wali mbona hamjausema? Mwiku tumeula na chai ya rangi tangu tukiwa wadogo, ukilala kwenye sufuria na kawa juu. Asubuhi unakaangwa na kitunguu, hakuna aliyekufa.

Pishi_Darajani
Shikamoo bi mkubwa. Mwiku ni mzuri, kasoro yake ni kulala nje. Kwenye mchele kuna kijidudu ambacho mbegu yake haifi kwa kupikwa. Wali ukibaki vuguvugu zile mbegu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haivunjwi na moto wa kukaanga. Kwa hiyo kuuchemsha upya kunaua mdudu na kuacha sumu yake. Joto letu likipita digrii 32, wali ukae nje saa moja tu. Mtu akitapika asubuhi husema kala samaki mbaya, kumbe wali.

Utandaze kwenye sinia unene wa vidole viwili, feni juu, ukipoa tu uingie kwenye friji, uliwe kesho yake.

Mke_wa_Mvuvi
Marahaba mwanangu. Sinia na feni nitafanya. Ila mchuzi wa nazi sisi tunauchemsha jioni na asubuhi, na unakaa.

Pishi_Darajani
Mchuzi unafika mchemko wote kwa kukorogwa, ni afadhali kuliko wali. Lakini tui linawahi kuchacha. Kama utaubakisha, uzoefu wa wapishi wengi ni kutoa sehemu ya kesho kabla ya kutia tui zito.

Msuka_Ukili
Achari imesahaulika. Karoti zilizolegea, pilipili boga iliyonywea, embe mbichi zilizoanguka kwa upepo, zote ni zake. Kilo ya ndimu, chumvi gramu 120, zipasuliwe nne bila kuachana, chupa ya kioo, juani wiki tatu. Kwa karoti, siki moja kwa maji moja, maji yasizidi siki.

Pishi_Darajani
Siki iwe ya asilimia 5. Na zilizonywea ndizo zinafaa, zilizolainika hapana; achari hairudishi ugumu uliokwisha kuvunjika, utapata uji. Chombo kisiwe cha alumini, tindikali inakila. Thomu mbichi ndani ya mafuta matupu isiachwe kabatini: haina tindikali na hewa haifiki, hapo inaota sumu isiyoonekana wala kunuka. 

Kojani_Njema
Kwa watu saba wali unabaki vipi? Pikeni pishi ndogo.

Bi_Upawa
Wageni, ndugu yangu. Futari huwezi kuipima kwa kijiko.

Mke_wa_Mvuvi
Wali uliobaki usage na mchele wa vibibi, vile vikate vya mchele vya kumimina. Vikombe viwili vya mchele uliorowekwa usiku, kikombe kimoja cha wali, tui, hamira kijiko cha chai. Vinakuwa laini mpaka jioni.

Msuka_Ukili
Vibibi haviwekwi wali! Vinashika chuma na matundu hayatoki.

Mke_wa_Mvuvi
Vinashika ukizidisha. Kikombe kimoja kwa viwili. Na chuma kiwe cha moto, moto wa chini upungue baada ya kumimina.

Fundi_wa_Friji
Bi_Upawa, kabla ya kutoa hata shilingi, weka kipimajoto kwenye glasi ya maji, rafu ya katikati ya friji yako, usiku mmoja bila kuifungua. Ikisoma zaidi ya 4, shida ni friji uliyonayo, na mpira wa mlango ni rahisi kuliko friza.

Bi_Upawa
Glasi nimeiweka sasa hivi. Kisanduku nimekiangalia, nyota ni moja. Bi mkubwa, wali wenyewe wa vibibi uwe mweupe au hata wa nazi unafaa?

Mke_wa_Mvuvi
Wote unafaa, ila wa nazi una chumvi tayari. Onja kwanza ndiyo utie yako.